Socrates wa Athens: Je, Mwenye Kuwapinga Watawala Aweza Kuwa Mzalendo?



Liko swali moja ambalo huulizwa katika kila nchi na katika kila zama, nalo huulizwa kwa ukali zaidi wakati wa vita na dhiki: Je, mtu awapingaye watawala wake hadharani, anayehoji mila za watu wake na kushika fikra zake mwenyewe, aweza kuhesabiwa miongoni mwa wazalendo? Wako wanaojibu upesi kwamba haiwezekani, kwani kwao kuipenda nchi maana yake ni kunyamaza. Na wako wanaojibu kwa upesi ule ule kwamba kila apingaye ni shujaa. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Badala ya kubishana kwa maneno matupu, na tuyaangalie maisha ya mtu mmoja ambaye swali hili lilimgharimu roho yake.

Mtu huyo ni Socrates, ambaye Waarabu humwita Sukrat, mwanafalsafa wa mji wa Athens katika Ugiriki ya kale. Alizaliwa karibu na mwaka 469 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s. (Miaka yote ya kale nitakayoitaja ni ya kabla ya Nabii Isa a.s., nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma.) Baba yake, Sophroniscus, alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Socrates hakuacha kitabu hata kimoja alichokiandika kwa mkono wake. Habari zake tumezipata hasa kutoka kwa Plato na Xenophon, vijana waliomfuata na kumsikiliza. Hao walimpenda mno, basi yafaa tuwasome huku tukilikumbuka jambo hilo.

Athens ya siku zile haikuwa na mfalme. Raia wanaume walikusanyika wenyewe katika mkutano mkuu, wakaamua juu ya vita na amani, kodi na sheria. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti. Maofisa wengi waliteuliwa kwa bahati nasibu, ili tajiri asimtangulie maskini. Huo ulikuwa utawala wa watu, nao watu wa Athens waliuonea fahari kubwa. Kwa hiyo, ewe msomaji, usidhani ya kuwa Socrates alipambana na jabari mmoja tu. Mara nyingine alipambana na umma wenyewe, na hilo ni gumu zaidi.

ASKARI WA ATHENS

Kabla ya kuyatazama maneno ya mtu, ni haki kuyatazama matendo yake. Socrates aliitumikia nchi yake kwa silaha mara tatu. Alikwenda Potidaea, mji wa kaskazini uliozingirwa na jeshi la Athens tangu mwaka 432 hadi 429. Huko baridi ilikuwa kali sana. Wenzake walijifunga miguu kwa ngozi na vitambaa, naye akatembea juu ya barafu bila viatu. Katika vita hivyo kijana mmoja wa nasaba bora, Alcibiades, alijeruhiwa, na Socrates akamwokoa pamoja na silaha zake. Majemadari walipotaka kutoa nishani ya ushujaa, Socrates mwenyewe ndiye aliyehimiza apewe Alcibiades.

Mwaka 424 alikuwa Delium, ambako Waathens walishindwa na kutimuliwa. Wengi walitupa ngao zao wakakimbia. Socrates alirudi nyuma kwa utulivu, akiwatazama maadui na marafiki kwa namna iliyowafanya wanaomfukuza waone ni heri kumwacha. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 47 hivi, alitumika tena huko Amphipolis.

Na nje ya safari hizi za kijeshi, karibu hakutoka kabisa katika mji wake. Wenye elimu wengi wa zama zile walizunguka miji ya Ugiriki wakifundisha kwa malipo. Socrates hakutoza ada, wala hakuhama. Aliishi maisha ya umaskini pamoja na mkewe Xanthippe na wana wao watatu, akizungumza na watu sokoni, viwanjani na katika karakana za mafundi.

PANGE JUU YA FARASI

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyomletea chuki. Rafiki yake mmoja, Chaerephon, alikwenda kuuliza katika hekalu la Delphi kama yuko mtu mwenye hekima kuliko Socrates, akajibiwa kuwa hayuko. Socrates alistaajabu, kwani alijua kuwa hajui kitu. Akaenda kwa wanasiasa, kwa washairi na kwa mafundi, akiwauliza maswali: Haki ni nini? Ushujaa ni nini? Uchaji ni nini? Aliona kuwa kila mmoja alidhani anajua asichokijua. Basi akafahamu kuwa kama anawazidi kwa lolote, ni kwa kuwa yeye anautambua ujinga wake.

Hayakuwa maswali ya mchezo. Aliwaambia watu wa mji wake kuwa wanashughulikia fedha na sifa, na kuziacha roho zao bila matunzo. Alistaajabia namna wanavyotafuta bingwa wanapotaka kujenga nyumba au merikebu, lakini katika mambo ya haki kila mtu ajiona bingwa. Hata ile desturi ya kuteua maofisa kwa bahati nasibu aliikosoa, akihoji ni nani angemteua nahodha wa chombo kwa njia hiyo. Kwa watu walioiona bahati nasibu kuwa ni ngao ya maskini, maneno haya yalikuwa machungu, nao hawakukosa sababu ya kuudhika.

Yeye mwenyewe alijifananisha na pange, yule nzi mkubwa aumaye wanyama. Athens, kwa mfano wake, ni farasi mkubwa wa asili bora, ila amekuwa mzito kwa sababu ya ukubwa wake, na Mungu amemweka pange juu yake ili amwamshe. Uangalie vizuri mfano huu, ndugu msomaji. Pange hamwachi farasi wake, wala hatamani farasi afe. Lakini ni kweli pia kwamba farasi hana furaha ya kuumwa, na mkia wake upo tayari kupiga.

MARA MBILI ALIKATAA

Vita vikubwa baina ya Athens na Sparta vilianza mwaka 431 na kuendelea hadi 404. Mwaka 406, manowari za Athens zilipata ushindi mkubwa karibu na visiwa vya Arginusae. Lakini dhoruba ilivuma, na mabaharia wengi waliokuwa katika vyombo vilivyovunjika hawakuokolewa, wakafa maji. Huzuni ya mji ikageuka ghadhabu. Majemadari sita waliorejea nyumbani walikamatwa, na ikapendekezwa wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja. Sheria ilitaka kila mshitakiwa asikilizwe peke yake.

Siku hiyo Socrates alikuwa mmoja wa wajumbe 50 wa baraza waliokuwa na zamu ya kusimamia mkutano. Baadhi ya wenzake walikataa kwanza kulipeleka pendekezo hilo kwenye kura. Umati ukapiga makelele, ukadai kuwa ni jambo la ajabu watu kuzuiwa kufanya wapendalo, na wapingao wakatishwa kwamba nao watashitakiwa. Wote wakanywea isipokuwa Socrates. Yeye alisema hatafanya lolote lililo kinyume cha sheria. Hakusikilizwa. Majemadari sita waliuawa, na mmoja wao alikuwa mwana wa Pericles, kiongozi mkuu wa Athens wa zama zilizopita.

Baada ya muda si mrefu Waathens walijuta, wakataka kuwashitaki wale waliowadanganya. Lakini majuto hayafufui. Mwaka uliofuata, 405, manowari zao karibu zote zilinaswa na Wasparta huko Aegospotami, na mwaka 404 mji ukasalimu amri. Hatuwezi kusema kwa yakini kuwa wale sita wangeuokoa mji. Hata hivyo tujiulize: siku ile ya ghadhabu, ni nani aliyeitakia Athens mema? Ni wale maelfu waliopiga makelele kwa jina la nchi, au ni yule mzee mmoja aliyesema hapana?

Wasparta waliposhinda, waliweka utawala wa watu 30 juu ya Athens. Hao waliua raia wapatao 1,500 katika muda wa miezi minane hivi, na wakanyang'anya mali. Kiongozi wao mkali alikuwa Critias, mtu ambaye zamani aliandamana na Socrates. Siku moja walimwita Socrates pamoja na watu wengine wanne, wakawaamuru waende kisiwa cha Salamis kumleta mtu aitwaye Leon ili auawe. Ilikuwa desturi yao kuwashirikisha watu wengi katika dhuluma zao, ili wote wachafuke. Wale wanne wakaenda kumleta Leon. Socrates akaenda zake nyumbani. Kama utawala ule usingeanguka mapema, huenda angeuawa kwa ajili ya jambo hilo.

Hivyo aliukatalia umma ulipotaka kuivunja sheria, na aliwakatalia wachache waliopora madaraka. Hakuwa mtu wa chama hiki wala kile.

WAZALENDO WAWILI MBELE YA BARAZA

Mwaka 403 utawala wa watu ulirudishwa, ukatangazwa msamaha juu ya yaliyopita. Mwaka 399 Socrates, akiwa na umri wa miaka 70, alishitakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiungu, na anawaharibu vijana. Washitaki walikuwa watatu: Meletus, Anytus na Lycon.

Hapa, ndugu msomaji, yatupasa tuwe waadilifu hata kwa washitaki. Mwenye nguvu miongoni mwao alikuwa Anytus, naye hakuwa mhuni. Alikuwa miongoni mwa viongozi waliohamishwa na wale 30, akapoteza mali yake, akarudi kupigana ili kuukomboa mji. Kwa kipimo chochote alikuwa mzalendo. Na aliona nini? Aliona kuwa Alcibiades, kijana aliyeokolewa na Socrates, aliwashawishi Waathens waende vitani Sicily mwaka 415, kisha akakimbilia kwa adui na kumpa mashauri ya kuudhuru mji wake mwenyewe. Aliona kuwa Critias muuaji alitoka katika mazungumzo yale yale. Aliona kuwa wakati wapenda uhuru wengi walipokuwa uhamishoni, Socrates alibaki mjini. Kwa sababu ya ule msamaha, mambo hayo ya siasa hayangeweza kuwa shitaka. Lakini wanahistoria wengi huona kuwa yalikuwa mioyoni mwa waamuzi. Mji ulikuwa umejeruhiwa, na mtu mwenye jeraha huogopa hata mkono wa tabibu.

Kosa la Anytus lilikuwa lipi basi? Ni kwamba alishindwa kutofautisha baina ya mwenye kuikosoa nchi na mwenye kuisaliti. Alcibiades aliwapa watu maneno matamu waliyoyapenda, na siku maslahi yake yalipotofautiana na ya mji, aliuacha mji. Socrates aliwapa maneno machungu, na hakuondoka. Tofauti baina ya hao wawili haikuwa katika sauti ya kulaumu, kwani msaliti ndiye aliyesifu na mwaminifu ndiye aliyelaumu. Tofauti ilionekana saa ya kulipa gharama.

Mbele ya waamuzi wapatao 500, Socrates hakulia wala hakuwaleta watoto wake ili waamuzi waingiwe na huruma, kama ilivyokuwa desturi. Aliwaambia waziwazi kuwa hata wakimwachilia kwa sharti la kunyamaza, hatanyamaza, kwani amri ya Mungu ni kubwa kuliko yao. Kura zilipohesabiwa alipatikana na hatia. Lakini kura 30 tu zingehamia upande wa pili, angekuwa huru. Kisha, kwa mujibu wa sheria, akatakiwa kupendekeza adhabu yake mwenyewe. Angeweza kuomba uhamisho, na huenda wangemkubalia. Yeye akasema kuwa anachostahili hasa ni kulishwa kwa gharama ya mji, kama mashujaa wa michezo. Ndipo, kwa kuombwa na rafiki zake, akataja faini. Waamuzi wakahukumu kifo.

GEREZANI

Hukumu haikutekelezwa mara moja. Merikebu takatifu ilikuwa imekwenda kisiwa cha Delos, na mpaka irejee haikuruhusiwa kumwua mtu. Socrates alikaa gerezani mwezi mmoja hivi. Karibu na mwisho wake, rafiki yake mzee Crito alimjia alfajiri. Fedha zilikuwa tayari, walinzi walikwisha kuzoeana naye, na huko Thessaly walikuwako watu wa kumpokea. Kilichobaki ni yeye kuinuka na kuondoka.

Akakataa. Alimweleza Crito kwamba sheria za Athens ndizo zilizowaunganisha wazazi wake katika ndoa, zikamlea na kumsomesha. Kwa miaka 70 mlango ulikuwa wazi ahame na mali yake kama hakuzipenda, wala hakuhama. Raia ana njia mbili: ama aushawishi mji wake kwa haki, ama atii. Alijaribu kushawishi, akashindwa. Dhuluma aliyotendewa ilitoka kwa watu, si kwa sheria. Je, ailipe dhuluma kwa dhuluma?

Huenda wewe msomaji umeona hapa ugumu. Barazani alisema kuwa hatatii akiamriwa kunyamaza. Gerezani alisema kuwa ni lazima kutii. Je, hakujipinga? La hasha. Ukitazama vyema utaona kuwa ni kanuni moja tu aliyoifuata tangu mwanzo. Kutenda uovu alikataa, hata akiamriwa na umati, na watawala 30 au na mahakama. Kubeba adhabu ya kukataa kwake hakukataa. Aliinyima serikali dhamiri yake, lakini hakuinyima mwili wake. Ndiyo sababu hakuna aliyeweza kusema kwa haki kuwa alitafuta kuubomoa mji; kwani mwenye kutaka kubomoa nyumba hakubali kukaa ndani yake dari linapomwangukia.

Merikebu ikarejea. Socrates alioga ili kuwapunguzia wanawake kazi ya kumwosha maiti, akawaaga wanawe, akanywa kwa utulivu sumu iliyotengenezwa kwa mmea. Alipowaona rafiki zake wanalia, yeye ndiye aliyewatuliza.

JIBU LA SWALI LETU

Athens ilidhani imemnyamazisha. Plato alifungua shule iliyodumu kwa vizazi vingi, na maneno ya mwalimu wake yakaenea ulimwenguni. Hata mwanafalsafa Mwislamu al-Kindi, katika karne ya 9 baada ya Nabii Isa a.s., aliandika juu ya Socrates kwa Kiarabu. Leo mtu akiutaja mji ule kwa heshima, mara nyingi humtaja pia yule ambaye mji ulimwua.

Basi, je, mwenye kuwapinga watawala aweza kuwa mzalendo? Maisha haya yatufundisha kuwa aweza, lakini si kila apingaye ni mzalendo. Mpime kwa mizani tatu. Kwanza, je, ameitumikia nchi anayoilaumu, au analaumu tu? Pili, je, husema waziwazi mbele ya watu na kufuata njia za haki, au hula njama gizani? Tatu, gharama ya msimamo wake huilipa nani: ni yeye, au huwaachia wengine waumie naye akimbilie salama? Na wenye madaraka nao wana mizani yao: kabla ya kumwita mtu adui wa nchi, wajiulize kama ameidhuru nchi, au amewaudhi wao tu.

Sisi Waislamu hatukosi mwongozo katika jambo hili. Mtume Muhammad s.a.w. aliwafundisha Masahaba zake wamsaidie ndugu yao akiwa amedhulumiwa na hata akiwa dhalimu. Walipostaajabu juu ya hilo la pili, aliwaeleza kuwa kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Nchi yako ni ndugu yako, ewe msomaji. Ikidhulumiwa, simama pamoja nayo. Ikidhulumu, ushike mkono wake, kwa upole kama yawezekana na kwa uthabiti kama ni lazima, wala usiuache.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujasiri wa kusema kweli mbele ya watu wetu, na subira ya kubaki nao baada ya kuisema. Amin.